Mifereji Miwili

Jumanne, Umoja haina maji.
Mfereji wa uani umekohoa mara moja, ukanyamaza,
madumu ya njano yamepanga foleni bila wenyewe.
Mtaa mzima ni mimi tu niliyejaa:
vikombe sita tangu saa moja asubuhi,
maji ya chupa, ya kununua,
na karatasi ya daktari imeandikwa kwa wino mwekundu:
usiende haja mpaka uitwe.

Ngara, ghorofa ya pili. Ngazi thelathini na moja.
Nimezihesabu, maana kila moja imenigonga chini ya kitovu.
Benchi zima tumebana magoti.
Kijana ameacha kusoma simu, anasoma ukuta.
Mlinzi anatania: "Mnakaa kama mnaomngoja refa apulize!"
Tukamwomba, kwa heshima zote, asituchekeshe.

"Dhadho Buya!"

Mimi ni fundi cherehani. Miaka thelathini nawaambia watu
simama wima, pumua, usijibane tumbo,
nikizungusha futi pale wasipopenda kupimwa.
Leo nimelazwa mimi, suruali nyongani,
na binti aitwaye Kemunto ananipaka jeli
baridi kama sakafu ya Julai.
"Samahani mzee, nitabonyeza."
Bonyeza, mama. Ila unihurumie.

Kumbe kwenye kioo maji huwa meusi.
Kibofu changu ni giza tupu, giza lililotulia,
na kulizunguka giza hilo kuna mstari mweupe,
mwembamba, kama ganda la yai.
Kemunto kanyamaza. Nakijua kimya hicho:
ni cha fundi aliyekunjua kitambaa cha mteja
akakuta kimeliwa na nondo.
"Ulikulia wapi, mzee?"

Hola.

Kule mfereji si bomba. Mfereji ni mto uliofundishwa kunyooka
upeleke maji ya Tana kwenye pamba.
Tulishinda humo, mimi na Komora na Hiribae,
konokono wameshika majani kama vifungo vya shati.
Siku nilipokojoa damu nilikimbia nyumbani
si kwa hofu. Kwa majivuno.
Wakubwa wakacheka: basi nawe umekuwa mwanamume.
Aliyekojoa maji meupe ndiye tuliyemwonea huruma.

Kichocho, anasema Kemunto, huandika ukutani.
Mayai yake hukaa humo hadi yageuke chokaa.

Sina picha ya utoto wangu hata moja.
Hii ndiyo ya kwanza.

"Sasa lalia ubavu wa kushoto."
Kuna doa, dogo, kama kichwa cha pini, hapana, kubwa zaidi,
kama kishikizo cha mkono wa koti.
"Likiwa jiwe litaporomoka, litakufuata chini."
Nikageuka polepole, mtu aliyebeba beseni la kufurika,
tukatazama, yeye kwa macho ya kazi, mimi kwa yangu.

Doa halikuporomoka.
Lilikaa palepale, limeshonwa.

Hakulipa jina. Alisema kuna daktari wa mkojo,
kuna kamera nyembamba ya kuingia ikachungulie,
kuna kukata kipande na kukipima, na kwamba mapema
ni neno zuri. Alilirudia: mapema.
Kisha: "Nenda ukajisaidie, urudi.
Nitapiga ya pili, nione kinachobaki."

Chooni mfereji ni mkavu, kuna ndoo na kopo.
Nilisimama muda mrefu.
Mkojo wa mwanzo ulikuwa mkojo wa kila mtu,
wa mwisho ukaja na rangi ya uzi
ninaoutumia kwa sare za shule moja ya Buruburu.

Komora yuko Garsen, ana duka, ana wajukuu.
Kila Idi tunapigiana simu. Tumeulizana mvua,
bei ya mbuzi, nani kafa.
Hatujawahi kuulizana hili.
Nikampigia palepale, mkono mmoja umeshika mkanda.

"Komora, wewe umewahi kupigwa picha?"

"Ya kitambulisho?"